Senga Aliyesifu Funga

Jumatatu nilimsindikiza binti wa kaka yangu kliniki, Kawempe. Mimba ina miezi saba na miguu imevimba mpaka viatu vimekataa. Musawo, yaani daktari, mama wa makamo, alimpima presha mara mbili, kisha akavua miwani.

"Kabla ya mimba, hedhi ilikuja kila mwezi?"

"Hapana, musawo. Tangu shule inaruka miezi mitatu, minne."

"Mtu wa namna hiyo tunamwangalia mapema, presha na sukari. Hukumwambia mkubwa yeyote?"

"Hapana," akajibu haraka, akinibana mkono chini ya meza.

Alidanganya kwa ajili yangu. Aliniambia akiwa na miaka kumi na sita, maana kwetu shangazi ndiye senga, mshauri wa wasichana, mambo haya ni yake. Mimi, badala ya kumpeleka kwa daktari, nilimsifu mbele ya binamu zake: "Mwenzenu anafunga Ramadhani nzima bila kukosa siku. Nyinyi mnalipa siku za hedhi mpaka Shaabani." Wakamcheka, wakamwita shehe. Hakulitaja tena.

"Aliniambia mimi, musawo," nikasema. "Nilidhani ni baraka."

"Haya, senga," akasema huku akiandika. "Leo halali nyumbani."

Presha bado haijashuka. Masenga wenzangu, binti akikwambia mwezi umeruka, usimpigie makofi, muulize. Mungu anisamehe, mimi sikuuliza.

Jana, kitandani pake wodini, aliniomba radhi kwamba Ramadhani ijayo huenda asifunge. Sikujua niuweke wapi uso wangu.