Siku Nilipomfuta Mkwe Wetu Kwenye Ramani

Aibu hii bado nikiikumbuka nafunika uso, lakini acheni niwaambie, huenda mtu akajifunza kitu.

Kazi yangu ni kurahisisha ramani zisomeke kwenye simu. Hebu fikiria, ukiiminya Kajiado nzima iingie kwenye kioo cha kiganja, kila boma na kila njia ya ng'ombe vinapandana, huoni kitu. Kwa hivyo unanyoosha kona, unaondoa vijia, na nyumba zilizokaribiana unazifanya nukta moja. (Ibaki ipi? Hilo ndilo swali tamu, na ndilo lililonimaliza.)

Ndugu yangu Wekesa alipopata mchumba, Naserian, kule mbele ya Isinya, mimi dada yake nilijitolea kuwachorea wazee wetu wa Noonkopir ramani ya kwenda kuposa. Boma la kina Naserian na la jirani yalibanana, nikaamua libaki lenye bati kubwa. Si litaonekana vizuri?

Basi tukafuata nukta hadi langoni, mzee mmoja akatupokea kwa "Sopa!" na tabasamu, akatuketisha, na kwa kuwa pale mgeni haulizwi shida yake kabla ya chai, tukanywa, tukaongezewa, mama wa nyumba akapokea blanketi na sukari zetu, nami najisifu kimoyomoyo, hadi mjomba Barasa akasimama, akakohoa: "Mzee, tumekuja kuomba binti yako."

"Binti? Mimi niko na wavulana sita. Mnataka yupi?"

Hapo hapo simu ya Wekesa ikalia. Naserian alikuwa karibu kulia. "Mko wapi? Wazee wa huku wameshika fimbo zao waondoke, Baba anasema wakitoka hakuna posa tena!"

Tulikimbia, yule mzee, kumbe ndiye jirani, mbele akicheka, mkewe nyuma na blanketi zetu.

Baba yake Naserian hakutusalimia. Alininyooshea mkono. "Lete hiyo simu. Kwangu ni wapi?"

Nikaikuza ramani, nikaikuza tena. Nyasi tupu.

"Kwa hivyo mimi sipo."

"Baba, ni kioo ndio kidogo..."

"Na ng'ombe wote hawa, sipo!"

Jirani alicheka hadi akakaa chini, wazee wakafuata, mwishowe naye mwenyewe akashindwa kujizuia. "Haya, ketini. Posa tutasikiliza. Lakini huyu msichana wenu ataniletea ng'ombe mmoja wa kunirudisha kwa ramani."

Nilimleta. Siku hizi, kabla sijaunganisha nyumba mbili, nauliza kwanza nani anaishi humo. Na mtu akiniomba ramani ya sherehe, niko na homa.