Neno Nililoandika Juu ya Shamba la Bi Nyamizi

Siku ya kwanza kazini nilifukuzwa mezani kabla sijakaa. Nilikuwa nimejipaka mafuta ya nazi, usichana huo, na Mchoraji Mkuu akaviona vidole vyangu vinang'aa. "Nenda ukanawe," akasema. "Karatasi hii ikinywa mafuta, wino haushiki tena." Nikanawa mara mbili kwa sabuni ya kufulia. Ndivyo nilivyoanza kazi ya kuchora ramani za mji hapa Tabora, msichana pekee katika chumba cha wanaume sita na chupa moja ya chai.

Ninyi wa kompyuta mtacheka. Sisi tulichora kwa mkono, kwenye karatasi angavu, kwa kalamu za wino zenye ncha kama sindano. Ukikosea unakwangua kwa wembe, taratibu, pumzi umeibana. Na mchoro wa mipango miji haukuwa mchezo jamani: ndio uliosema hapa watu walale, hapa wauze, hapa wasome, hapa wazikwe. Kila matumizi yalikuwa na rangi yake. Mimi niliipenda ya kijani, ya viwanja vya kupumzikia, hata wakaniita Mama Kijani kabla sijazaa.

Mchoraji Mkuu hakuwa mtu wa maneno mengi, ila moja hakuchoka kulirudia. "Nakala hazibebi rangi, zinatoka nyeusi tupu. Kwa hiyo andika eneo ni la nini, binti. Usiandike lilivyo." Nikaitikia "ndiyo mzee" huku nawaza chai.

Nikahamishiwa Nzega, nikachora soko na stendi mpaka vumbi la kule likanizoea. Niliporudi Tabora, mji ulikuwa umeanza kutambaa kuelekea Ntalikwa, unakula mashamba. Afisa Mipango Miji, bosi wangu mpya, akanituma niongozane na wapimaji nikaongee na wenye mashamba. Alidai mimi nina ulimi laini. Lo, angemuuliza mume wangu!

Huko nikamkuta Bi Nyamizi, mama mkulima wa karanga. Katikati ya shamba lake palikuwa na kipande asichokilima. Njia ya zamani ya misafara ilikatiza pale, na wapagazi walitua mizigo pale, babu yake akiwa mmoja wao. Udongo ulikuwa umeshindiliwa na nyayo. Watoto walichezea hapo, harusi na matanga yalikuwa hapo, na karanga za majirani wote zilianikwa hapo.

"Mwangaluka, mama," nikamsalimu.

"Mwangaluka. Shamba kateni viwanja, wanangu nao wapate pa kujenga," akaniambia. "Ila hapa muwaachie watu. Unaniahidi?"

"Nakuahidi, mama. Serikali haitajenga hapa."

"Serikali siijui. Nataka ahadi yako wewe."

"Basi ni yangu."

Niliporudi ofisini nikakipaka kijani kile kipande, kikapendeza ajabu. Lakini kwenye karatasi kilikuwa kidogo, na maneno "uwanja wa watoto na mikutano" hayakuenea. Ningeweza kubadili ncha ya kalamu. Sikubadili, nilikuwa nawahi mazoezi ya kwaya. Nikaandika neno moja tu, kwa zile herufi zangu nilizojivunia: WAZI. Mchoro ukapitishwa, sahihi zikawekwa, nami nikaenda kuimba.

Nilimalizia kazi Isikizya, nikastaafu. Nayakumbuka mambo yale hadi yananiuma: harufu ya wino, mwanga wa dirishani, sauti ya wembe kwenye karatasi, hata ukali wa yule mzee. Ningepewa siku moja tu nirudi kwenye ile meza, ningeijua siku ya kuiomba.

Mwaka huu nilipita kwenye ule uwanja nikakuta wanachimbia bikoni, yale mawe ya zege ya mpaka wa kiwanja. Nikaenda ofisini nusura nikimbie. Afisa wa sasa, binti mdogo tu, akanipa shikamoo na kiti, akatafuta nakala ya mchoro. Nyeusi tupu. Katikati yake, mwandiko wangu.

"Bibi, si unaona? Wameandika wazi. Maana yake halijapangiwa kitu, halina mtu. Tulibandika tangazo, pingamizi halikuja, viwanja vinne vimeshatolewa."

"Wazi maana yake pasijengwe, mwanangu!"

"Basi aliyechora angeandika hivyo, bibi."

Alisema kwa upole kabisa. Hakujua anaongea na nani, na mimi, haki ya Mungu, nilishindwa kumwambia.

Bi Nyamizi yu hai bado. Macho hayaoni tena, anakaa kwa bintiye nyuma ya uwanja. Kila Jumapili nikitoka ibadani nampitia, na kila Jumapili ananiuliza swali lile lile. Jumapili iliyopita ukuta wa kwanza ulikuwa umefika kiunoni. Njia ya wapagazi imekatwa, nikalazimika kuzunguka. Akanitambua kwa hatua zangu mlangoni.

"Mama Kijani, umechelewa leo. Uwanja wangu haujambo?"

Miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuchora mstari wa uongo. Nikamshika mkono.

"Haujambo, mama," nikasema. "Bado uko wazi."