Nguzo ya Kumi na Tisa

Mbwa alikufa siku ya Alhamisi, kama saa tisa unusu alasiri, siku mbili kabla ya uwanja kufunguliwa. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale alipoangukia, nina kikombe cha chai mkononi, na mpaka leo sijui kikombe kile kilikwenda wapi.

Mimi ni fundi umeme. Kazi hii nilijifunza Nakuru, nikaifanya miaka sita, kisha mke wangu akapata kazi ya uuguzi Birmingham, Uingereza, nasi tukamfuata, mimi na binti yetu. Ilinibidi nifanye mitihani upya kabla ya kuruhusiwa kushika waya wa nchi hii. Nilipomaliza, nikaajiriwa na kampuni iliyokuwa imepewa kazi ya kuweka taa za barabarani kuuzunguka uwanja mpya katikati ya jiji. Uwanja wa besiboli! Watu wa huku wanajua kandanda na kriketi. Wapita njia walikuwa wakisimama kando ya ua wa mabati na kutuuliza sisi mafundi, kana kwamba shauri lile lilitoka kwetu, “Nani atakuja kutazama besiboli hapa?” Mchezo wenyewe sikuwahi kuuona hata mara moja. Nilichojua ni kwamba barabara zile zilihitaji nguzo arobaini na mbili, na kwamba tulikuwa tumechelewa.

Nilipangiwa kazi na mzee mmoja Msomali, mzaliwa wa Eastleigh kule Nairobi, aliyeishi Uholanzi miaka mingi kabla ya kuhamia mtaa wa Washwood Heath hapa Birmingham. Mimi nilimwita mzee, naye akiniita kijana, ingawa kichwa changu kilishaanza kuota mvi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akikuona unaharakisha kazi, alikuwa anasimama tu nyuma yako mpaka upunguze kasi mwenyewe.

Chini ya kila nguzo ya taa pana mlango mdogo, na nyuma ya mlango huo ndimo tunamounganishia nyaya. Waya mmoja ni wa kijani na manjano, nao ni waya wa ardhi. Huo ukifungwa sawasawa, hata waya mwingine ukichubuka na kugusa chuma, umeme hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika papo hapo. Usipofungwa, nguzo nzima inaweza kushika umeme, na kwa macho huwezi kuitofautisha na jirani yake. Kwa hiyo kila nguzo hupimwa kabla ya mlango wake kufungwa, na aliyepima huandika kwenye fomu namba aliyoiona katika kipimo, kisha hutia sahihi.

Wiki ile mvua ilinyesha tangu Jumatatu. Alhamisi saa sita mchana umeme uliingizwa kwenye nguzo kwa mara ya kwanza, na taa zote zikawaka mchana kweupe ili tuone kama kuna isiyofanya kazi. Zote ziliwaka. Tulipeana mikono. Ule ua wa mabati ulikuwa umeondolewa asubuhi, watu wakaanza kupita kwenye njia mpya ya miguu, wakitazama juu.

Mmoja wao alikuwa mama mzee aliyekaa kwenye maghorofa ya ng'ambo ya barabara. Tulimfahamu kwa sura. Kila alasiri alitoka na mbwa wake mdogo, wa rangi ya kahawia na nyeupe, mwenye miguu mifupi, na kila alasiri alitusalimu, hata pale tulipomkera kwa kelele za mashine. Siku ile alinipungia mkono kutoka mbali. Mbwa akamtangulia hadi kwenye nguzo ya kumi na tisa, akanyoosha shingo kuinusa.

Hakubweka. Alitoa sauti moja kali, fupi, ambayo sikudhani inaweza kutoka kwa mnyama mdogo vile, akakakamaa, akaanguka kwenye maji chini ya nguzo.

Kwa nukta moja hivi sikuelewa nilichokiona. Kisha nikaona yule mama anapiga magoti, mkono mmoja ukimwendea mbwa, mwingine ukitafuta pa kujishikiza, na pa kujishikiza palikuwa pale pale kwenye chuma.

“Usishike! Mama, usishike!” nilipiga kelele kwa Kiswahili, maana Kiingereza chote kilikuwa kimenitoka kichwani.

Nilimdaka koti kwa nyuma nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Tukaanguka pamoja chali kwenye dimbwi. Mzee hakuja kwetu. Alikimbilia kabati la umeme lililokuwa kwenye kona, nikasikia swichi kubwa ikishuka, na taa zote za barabara zikazimika.

Yule mama alikuwa ameumia kifundo cha mkono. Alinitazama na maji yakimtiririka usoni.

“Umefanya nini?” aliniuliza. “Umefanya nini wewe?”

Najua alikuwa akiulizia kwa nini nimemwangusha.

Nilipima chuma kuhakikisha hakina umeme tena, kisha nikaufungua mlango wa nguzo. Ndani, waya wa kijani na manjano ulikuwa unaning'inia. Haukuwa umelegea; haukuwahi kufungwa. Na waya wa kahawia, ule wenye umeme, ulikuwa umebanwa na komeo la mlango mpaka gamba lake likapasuka. Nikakumbuka kwamba saa saba mchana nilikuwa nimeegemea nguzo hiyo hiyo nikila mkate. Buti zangu za mpira ndizo zilizonikinga. Mbwa havai buti.

Nikaenda garini kuitafuta fomu, nikiwa na hasira, nikitaka kujua ni fundi gani mjinga aliyeifunga nguzo ile. Nikashuka kwa kidole mpaka mstari wa kumi na tisa. Namba ilikuwapo. Mwandiko ulikuwa wangu. Sahihi ilikuwa yangu.

Nilisoma mstari ule mara tatu au nne. Halafu Jumatatu ikanirudia yote. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye nguzo ile, mvua ikinipiga mgongoni, simu ikalia. Walikuwa wa shuleni: binti yangu ametapika, nije nimchukue. Niliusukuma mlango, nikaufunga, nikaondoka. Jumanne asubuhi, nikiwa ndani ya gari la kazi, niliona mstari mmoja mtupu kwenye fomu, nikajiambia kwamba bila shaka nilimaliza. Nikaandika namba inayofanana na ya nguzo ya kumi na nane. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufungua kifuniko cha chupa.

Msimamizi wetu alifika baada ya robo saa. Alitazama ndani ya nguzo, akatazama fomu, akanitazama mimi.

“Funga waya, pima, rudisha umeme,” alisema kwa sauti ya chini. “Mbwa alikuwa mzee. Moyo wa mbwa mzee husimama wakati wowote. Jumamosi watu wanaingia hapa.”

“Na fomu?”

“Fomu ina kasoro gani? Imejazwa.”

Ningependa kuandika kwamba nilimkatalia. Sikumkatalia. Niliitikia kwa kichwa, nikachukua bisibisi, nikafunga waya, na umeme ukarudishwa.

Wakati huo yule mama alikuwa bado ameketi kwenye ukingo wa njia, hawezi kumbeba mbwa kwa sababu ya mkono wake. Mzee alimwendea. Yeye ni mtu ambaye mbwa akipita karibu huvuta suruali yake pembeni, maana mate ya mbwa na manyoya yake yaliyolowa ni najisi kwake. Aliinama, akamkumbatia kifuani yule mbwa aliyelowa, akavuka naye barabara, akapanda naye ngazi mpaka mlangoni kwa yule mama. Aliporudi alichota udongo kwenye kitalu cha maua mapya, akafungua bomba, akaanza kunawa mikono. Nilihesabu bila kutaka: mara saba, mojawapo kwa ule udongo, kama dini yake ya Kiislamu inavyoagiza.

“Mzee, asante,” nilimwambia.

Alikung'uta maji vidoleni. “Yule mama ameniuliza nini kimemuua mbwa wake. Nimemwambia sijui. Mimi nimedanganya mara moja, kijana, na sitarudia. Hili ni lako.”

Nilipanda basi kwenda nyumbani, mtaa wa Kings Heath, nikiwa na nguo mbichi. Watu walikuwa wananunua samaki na matunda kama kawaida, nami nikiwatazama kupitia dirisha nikashangaa kwamba siku imeendelea. Mke wangu alikuwa jikoni, amevaa sare, anakula kwa haraka kabla ya kuingia zamu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

“Subiri,” alisema. “Uliandika namba ambayo hukuipima?”

“Ndiyo.”

Aliweka kijiko chini. “Baba, mimi nikiandika presha ya mgonjwa ambayo sikuipima, halafu mgonjwa akafa, naitwa nani?”

Binti yetu alikuwa mlangoni. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza akauliza, “Mbwa alisikia uchungu?”

“Kidogo tu,” nilisema, na nilipoona jinsi mama yake alivyonitazama nikajua kwamba nimeanza tena. “Sijui,” nikasema. “Nadhani alisikia.”

“Na Jumamosi bado tunaenda?” aliuliza. Kampuni ilikuwa imetugawia tiketi, sisi na familia zetu.

Nikaketi. Nikamwona akilini mwanangu kwenye foleni, mvua ikinyesha, anazunguka nguzo kwa mkono mmoja jinsi watoto wote wafanyavyo. Kabla mke wangu hajatoka, nilimpigia simu mhandisi mkuu wa mradi. Nilimweleza habari ya mbwa, waya, na namba niliyoitunga.

“Nani mwingine anajua?” aliuliza.

“Msimamizi wangu, na mzee ninayefanya naye kazi.”

“Umeme uzimwe usiku huu huu. Usiguse kitu. Kesho saa moja asubuhi uwe pale.”

Ijumaa walikuja mafundi wa kampuni nyingine, watu tusiowafahamu, wakapima nguzo moja baada ya nyingine. Mimi niliambiwa nisimame kando. Nilikuwa nimeomba usiku kucha kwamba iwe ni moja tu, ile yangu. Walipofika nguzo ya thelathini na moja, mmoja wao aliinua mkono na wengine wakasogea. Waya wa ardhi ulikuwa umefungwa kwenye skrubu iliyochakaa, ukiugusa unachomoka. Nguzo hiyo ilikuwa kwenye lango la familia, pale palipopakwa mistari ya manjano chini kuonyesha watoto wapange foleni wapi. Sahihi haikuwa yangu. Ilikuwa ya msimamizi.

Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa ameegemea gari lake, rangi imemtoka usoni, mdomo wazi kidogo. Sidhani kwamba alijua. Nadhani naye aliandika namba kama mimi, kisha akaiamini. Mzee alikuja akasimama karibu nami, bega kwa bega.

Ufunguzi ulisogezwa mbele kwa wiki moja. Mimi na msimamizi tulifukuzwa Ijumaa ile ile, na wakaguzi wa usalama kazini wakanihoji mara mbili. Niliwajibu kila kitu. Barua yao ilikuja baadaye: onyo, na kuzuiwa kufanya kazi ya umeme mpaka nirudie mafunzo.

Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda kwa yule mama. Mke wangu alinisindikiza lakini akabaki chini kwenye ngazi. “Hili la juu ni lako peke yako,” alisema.

Mama alifungua mlango, mkono umefungwa bandeji. Alinitambua, na uso wake ukalainika, jambo ambalo sikulitegemea kabisa.

“Ni wewe uliyenivuta,” alisema. “Hospitalini wameniambia kama nisingevutwa ningekufa.”

“Ndiyo, mama. Ni mimi niliyekuvuta.” Nilikuwa nimeyarudiarudia maneno yale ndani ya basi, lakini yalinitoka vibaya. “Na ni mimi niliyeifunga nguzo ile. Sikuipima. Niliandika kwamba nimeipima.”

Nyuma yake niliona bakuli la maji la mbwa sakafuni, bado limejaa.

“Nilikuwa nimeanza kukuandikia barua ya shukrani,” alisema. “Iko pale mezani. Sikujua jina lako, nikaandika: kwa fundi.” Akavuta pumzi. “Sasa siwezi hata kukushukuru.”

“Hapana, mama.”

“Wala siwezi kukuchukia vizuri. Umeniharibia yote mawili.”

Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza, nami nikashuka ngazi nikiwa nimeshikilia ukuta.

Miezi minane nilipanga vifurushi kwenye ghala. Nilirudia mafunzo siku za Jumamosi, nikikaa na vijana waliokuwa wakimaliza vipimo haraka na kutoka kuvuta hewa. Kisha kampuni nyingine, inayotunza taa za njia na maegesho, ikaniita kwenye usaili. Mama mmoja aliyevaa miwani alikuwa na karatasi zangu mbele yake, na ile barua ya onyo juu kabisa. Aliniomba nimweleze kwa maneno yangu mwenyewe. Nikamweleza, tangu simu ya shule hadi mlango uliofungwa polepole, pamoja na sauti aliyoitoa mbwa. Aliigeuza ile barua, akaiweka chini ya karatasi zile nyingine, akaniuliza ningeweza kuanza lini.