Nyumba ya Dakika Ishirini

Kazi yangu naijua, nawaambia mapema. Mwaka wa tisini na tatu, vita vilipowasukuma watu wa kaskazini hadi kambi ya pembezoni mwa Kigali, nilibuni nyumba ya mbao isiyotaka hata msumari mmoja. Kuta nne, paa la turubai, na kwa dakika ishirini imesimama. Karakanani kwangu Nyamirambo, juu ya sakafu ya saruji, niliijenga mara kumi bila kasoro.

Siku ya maonyesho wakubwa wa ofisi ya misaada walijipanga kambini. Nikaiunga kwa mbwembwe, nikaingia ndani, nikauvuta mlango waone unavyofunga vizuri. Ukafunga vizuri mno. Kambi ilikuwa mteremkoni; fremu ikapinda, mlango ukakwama. Nikaupiga bega, kisha teke, na nyumba nzima ikaanza kuteleza kuelekea bondeni, mimi nimo.

Kina mama wa kambi wakaidaka. Mmoja akanichungulia dirishani.

"Fundi, wewe iko unakaa wapi?"

"Gatsata," nikajibu.

"Gatsata! Kule mlimani sufuria ikianguka unaifuata chini kwa jirani! Sasa hii nyumba ulijengea watu ya wapi?"