Nyumba ya Magurudumu ya Nelima

Kwa miaka ishirini na miwili Nelima ameshona viti vya magari pale Mamboleo, kwenye kibanda cha mabati kinachotazama barabara ya Kakamega. Ukipanda basi Kisumu na kiti kisikuumize mgongo, huenda ni kazi ya mikono yake. Alipoanza, mafundi wa gereji za jirani walimwona mzaha, mwanamke na sindano nene na mikono iliyojaa gundi. Siku hizi wanamletea magari yao wenyewe.

Mama yake, Nakhungu, ana miaka sabini na tisa. Alivunjika nyonga miaka kumi iliyopita, akaletwa mjini, na tangu hapo hutumia kiti cha magurudumu. Nelima alimpangia chumba mlango wa tatu kutoka kwake, kwa sababu kwa mila zao mama halali nyumbani kwa mkwewe. Safari za Nakhungu zilikuwa mbili tu, hospitali na kanisa. Kwingine kote maswali yalikuwa yale yale: atajisaidia wapi, atalala wapi, nani atambeba? Makondakta wawili waliwahi kumbeba kumpandisha basi mbele ya watu, akaapa haitatokea tena.

Jumamosi moja Nakhungu alikuwa anamsuka Becky, binti ya Nelima wa miaka kumi na moja, akautaja msitu wa Kakamega. Alizaliwa pembeni mwake. Baba yake alikuwa mpasua mbao.

"Natamani tu kuinusa ile harufu," alisema, kisha akaendelea kusuka.

Nelima alikuwa anafua mlangoni. Aliyasikia. Jumatatu alikwenda Kiboswa kwa Calvince, ndugu ya mume wake, mekanika ambaye uani kwake kulikuwa na minibasi kuukuu iliyogeuka banda la kuku.

"Unaitakia nini, shemeji?" Calvince akamuuliza.

"Mama apate pa kulala akisafiri."

Calvince akaenda kuwafukuza kuku.

Kazi ilichukua miezi kumi na minne. Calvince alishughulikia injini, breki na kuchomelea vyuma. Mengine yote yalikuwa ya Nelima. Alipima kiti cha mama yake, kisha akatengeneza kitanda cha kimo kile kile, ili Nakhungu ajisogeze mwenyewe bila kuinuliwa. Alifunga vyuma vya kushikilia kuanzia mlangoni mpaka nyuma, vile vya mabasi. Choo kidogo alikiweka nyuma ya pazia zito. Mlangoni aliweka daraja la chuma la kukunja, pana kiasi cha kiti kupita. Godoro alilishona mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza hakuridhika na sponji.

Watu wa Mamboleo walicheka. "Mama Becky anajenga nyumba bila ploti," walisema. Nelima alicheka nao, akaendelea kushona.

Gari lilipopelekwa kukaguliwa, mkaguzi alilizunguka, akaingia ndani na kutikisa kila chuma. Halafu akaketi kitandani.

"Hii kazi imefanywa na kampuni gani?" akauliza.

"Ni mimi nimefanya," Nelima akajibu.

Mkaguzi alitikisa chuma kimoja tena, kisha akatia sahihi.

Walisafiri likizo ya Agosti. Opiyo, mume wa Nelima, ni dereva wa lori, kwa hiyo usukani ulikuwa wake. Alikuwa amebeba na hema, maana kulala gari moja na mama mkwe lilikuwa jambo asiloweza hata kulifikiria. Walipanda vilima, wakapita Chavakali, wakakata kulia Khayega. Barabara ilipoanza kuingia mitini, Nakhungu aliomba dirisha lifunguliwe. Alifumba macho, akavuta pumzi ndefu. Dirisha lilibaki wazi mpaka walipofika kambini.

Nelima alilaza daraja la chuma. Opiyo alisogea ili amsaidie.

"Acha, baba," Nakhungu akamwambia. "Nitashuka mwenyewe."

Alishika vyuma, akateremka taratibu, magurudumu yakagusa majani. Kisha akaangalia huku na huku kama mwenye shamba aliyerudi kuona mazao.

Asubuhi ya pili, mwongoza wageni aitwaye Waswa aliwapitisha kwenye njia pana. Aliwaonyesha mbega juu ya matawi, akasimama kwenye mti mrefu na kuanza kueleza jina lake la kitaalamu.

"Huo ni mutere," Nakhungu akamkatiza. "Ukipasua ukiwa mbichi, mbao zinajikunja. Baba alikuwa anaziacha kivulini kwanza. Mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine yuko shimoni chini, msumeno mmoja. Mimi nilikuwa nawaletea uji."

Waswa alitoa daftari mfukoni. Walitembea saa mbili nyingine, na sehemu kubwa ya hizo saa aliyekuwa anaongoza ni Nakhungu.

Mchana mvua ya Kakamega ilinyesha kama kawaida yake, nzito na ya ghafla. Familia ilijibana ndani ya gari. Nelima hakula. Alikaa akikagua kila mshono wa dari, na mwishowe akaliona tone likidondoka kwenye kona, juu ya sinki dogo la vyombo. Uso ukamshuka.

"Weka sufuria hapo, ukae ule," mama yake akasema. "Nyumba nilimoolewa ilikuwa inavuja sehemu saba, na nikakulea humo humo."

Nelima aliweka sufuria, akala. Mvua ilipokatika alipanda juu na gundi yake, akaziba palipovuja.

Siku ya nne walirudi, wakapita Kisumu bila kusimama, wakashika barabara ya Bondo mpaka Usenge, nyumbani kwa kina Opiyo. Mama yake Opiyo, Selpha, huanika na kuuza omena, dagaa wa ziwani. Katika miaka kumi na mitatu ya ndoa ya watoto wao, yeye na Nakhungu walikuwa wameonana siku moja tu, ya harusi. Baadaye nyonga ilivunjika, na hata ingepona, Nakhungu asingelala boma la wakwe.

Opiyo alisimamisha gari nje ya lango, kwenye nyasi, ziwa likiwa mbele yao. Selpha alitoka mbio na mikono yenye magamba ya samaki, akasita.

"Mkwe, nitakulaza wapi mimi?" akauliza.

"Nimekuja na nyumba yangu," Nakhungu akamjibu. "Ingia uione."

Selpha aliingia. Alibonyeza godoro, akafungua pazia, akalifunga, akakaa. Wanawake hao wawili walikunywa chai humo hadi jua lilipoanza kupoa, kila mmoja akichanganya Kiswahili na lugha yake, na wakielewana. Wachuuzi wa samaki walianza kuja kuchungulia. Mmoja akauliza gari hilo limetoka nchi gani.

Nakhungu alijisogeza mpaka mlangoni ili aonekane. "Limetoka Mamboleo," akasema. "Fundi ni yule pale, mwenye kitambaa cha kijani. Mimi ndiye niliyemzaa."

Nelima alikuwa kwenye nyavu za kuanikia, akimsaidia Becky kugeuza omena. Alisikia kila neno. Aliinama zaidi, akaendelea kugeuza, na Becky akamwona mama yake akijifuta macho kwa mkono wa gauni.

Walikaa Usenge siku tano.

Mwezi uliofuata mwanamke aitwaye Elsie alifika kibandani kutoka Luanda Kotieno. Baba yake hatembei, na Elsie alitaka mzee avuke kwa feri kwenda Mbita kuwaona ndugu zake. Alikuwa na gari la zamani, difenda, na hakujua aanzie wapi.

Nelima aliweka mkasi chini, akachukua utepe wa kupimia.

"Baba analalia ubavu gani?" akauliza.