Sisimizi wa Ismaili Nampoto

Mwaka wa sabini na tatu, mpima mizani wa ghala letu la korosho pale Mpapura alikuwa Ismaili Nampoto, mtu aliyeamini kwamba anayejua kusoma mizani amesoma kila kitu. Sitawaficha, wapenzi wangu: alikuwa mjinga mwenye viatu vya ngozi.

Mathayo, mganga wa zahanati, alimwambia ana kisukari, apunguze vitamu na vyakula vya wanga. Shemeji yake wa bandarini akamletea kopo dogo la sakarini, vile vidonge vinavyotia chai utamu pasipo sukari. Tangu hapo hatukupumua. Anakaa barazani, anadondosha vidonge viwili kikombeni, anakoroga mpaka kila mtu amtazame.

"Nyie endeleeni na sukari yenu ya kishamba," anasema. "Mimi ugonjwa nimeuacha mlangoni."

Kisha anavuta sinia la mihogo ya nazi. Akilimaliza, anahamia kwenye kikapu cha mabibo, yale matunda matamu ya mkorosho, anayafyonza moja moja mpaka kidevu kinang'aa. Elimu yake ilimwambia kwamba kidonge kinakata sukari ya chakula kama ndimu inavyokata shombo. Mathayo alikuwa amemweleza wazi kuwa sivyo, lakini Mathayo hakuwa na mizani.

Mkewe, Somoe, alimtazama akila.

"Baba Salma, tangu uanze hivyo vidonge njaa yako imezidi."

"Ndiyo afya hiyo."

"Afya gani? Ulimi umelitangazia tumbo kuna mgeni. Tumbo limetandika mkeka, mgeni hakufika. Sasa unamtafuta kwenye mihogo yangu."

Tulicheka. Yeye akatucheka sisi, eti tunasikiliza udaktari wa jikoni.

Jioni moja alivua kiatu, likadondoka ganda la korosho lenye damu. Alikuwa amelikanyaga kutwa nzima, na lile ganda lina mafuta yanayounguza ngozi. Hakuhisi kitu. Wiki mbili zikapita, kidonda kikawa kinachimba badala ya kufunga.

"Bwana Ismaili," Mathayo akamwambia, "mguu wako haukupi habari tena. Nenda hospitali ya mkoa kesho. Ukichelewa, utakatwa wote."

"Miezi minne sijaonja sukari," akajibu. "Kisukari kitoke wapi?" Akachechemea kurudi kwenye mizani yake. Bora mguu uoze kuliko watu waseme kopo lake limemdanganya.

Asubuhi iliyofuata Somoe alimwita uani. Kisahani cha chai yake ya sakarini kilikuwa chini, pale Somoe alipokiweka tangu alfajiri. Hakuna mdudu aliyekigusa. Hatua mbili mbele, kwenye mchanga alipokojolea mumewe, sisimizi walikuwa wamefumana kama mkeka mweusi, na mstari wao ukitokea kwenye ua wa jirani.

Ismaili akatazama kisahani, akatazama mchanga.

"Sisimizi wa Mpapura hawajasoma," akasema.

"Hawajasoma, na sukari yako wameijua kabla yako."

Sisi tuliokuwa upande wa pili wa ua tulimwona akiuinamia ule mchanga. Mwisho akasema polepole, "Mama Salma, nitafutie gari la Mtwara."

Alikatwa kidole gumba, mguu ukabaki. Alirudi na chai isiyo na utamu, ugali wa kiasi, na ulimi mfupi. Huruma yangu kwake ilikuwa ndogo, nakiri. Mtu aliyekataa maneno ya mganga na ya mkewe, akaja kuamini ya wadudu.

Kila asubuhi, Somoe akiwa uani na ufagio, tulimsikia yule msomi wa mizani akiuliza kutoka ndani, sauti ya chini:

"Mama Salma, wamekuja?"

"Wachache," anajibu, anaendelea kufagia.