Kengele ya Mbwa wa Baba Mkwe

Kila Jumapili baada ya misa, mimi na baba mkwe wangu tulikwenda kutembea msituni juu ya Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na mbwa wake mbele. Watu walitucheka. Mke wa mtu na mkwewe, porini, na mbwa! Niliwaacha wacheke. Chini ya kitambaa cha kikapu changu kulikuwa na mihogo ya mume wangu, aliyekuwa amejificha humo msituni wiki ya tano. Alikuwa mwalimu, na jina lake lilikuwa limetajwa kambini kwa askari. Kosa lake hatukuambiwa, na miaka ile ya sabini nani angethubutu kuuliza?

Mbwa wa kuwinda wa huko milimani huvaa kengele ya chuma shingoni. Kengele hiyo huzibwa mdomo kwa majani mpaka saa ya kumkimbiza mnyama. Baba mkwe aliifanya kuwa ishara yetu. Tukishahakikisha hakuna askari, aliyatoa majani, mbwa akatimka kengele ikilia, na mume wangu akaja mbio kuifuata. Kengele isipolia, hatoki.

Jumapili ile mzee aliniambia, "Mwanangu, ziba wewe leo, macho yangu yananisumbua." Nilifurahi, mjinga mimi! Nimezaliwa Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi. Kuziba mdomo wa mzigo wa chumvi kwa nyasi kavu nilijua tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kunikosoa. Nikasokota nyasi, nikashindilia, basi. Mzee siku zote alifunga na kamba ya mgomba juu yake. Niliiona ile kamba, nikadhani ni mapambo ya wazee.

Tulipumzika kwanza kwenye jiwe la mpaka. Mzee aliligusa, akanieleza kwa mara ya tano jinsi alivyolibeba ujanani, Wazungu waliopima mpaka wakimfokea kwa nyuma. Ndege walikuwa kimya siku hiyo. Sikupenda.

Kituo cha pili kilikuwa kwa mama mmoja Mkongo, mkimbizi wa kutoka Butembo, aliyeuza chai kando ya kijito. Kabla hatujakaa aliniinamia sikioni. "Beko wawili nyuma ya nyumba. Beko na bunduki." Yaani wako, kwa Kiswahili cha kwao.

Askari wawili wakatokea, vikombe mkononi.

"Wewe mzee! Unatafuta nini hapa?"

"Natembeza mbwa, afande. Huyu ni mkwe wangu."

Mzee akakaa, akamimina chai yake kwenye kisahani, akampa mbwa kwanza, kama kawaida yake. Mbwa yule alilelewa kwa maziwa ya ng'ombe wake, na alilala mlangoni pake. Baadaye mbwa akaingia kijitoni kujipoza. Akatoka, akajikung'uta.

Mzigo wa chumvi hutulia kichwani. Mbwa hujikung'uta! Nyasi zangu ziliruka zote, kengele ikalia, na mbwa, alivyofundishwa, akatimka kuelekea msituni.

"Anaenda wapi huyo?" askari mmoja akauliza, akainuka.

Niliona mume wangu anatoka mitini huku anatabasamu. Niliona kwa akili, hajatoka bado.

Mzee ndiye aliyepiga kelele. "Ana kichaa! Afande, mbwa ana kichaa, ameshauma watu! Mpige! Mpige haraka!"

Risasi moja. Kengele ikanyamaza.

"Nimekusaidia, mzee," askari akasema, akicheka.

"Asante, afande."

Alikwenda mwenyewe kuichukua ile kengele. Askari walimaliza chai, wakashuka barabarani kuelekea Kasese. Mume wangu aliusikia mlio wa risasi, akavuka mpaka jioni ileile, na leo ana wajukuu. Lakini sisi siku ile hatukulijua hilo. Tulirudi na mihogo yetu, mzee mbele, mimi nyuma.

Kwenye jiwe la mpaka nikapiga magoti. "Baba, nisamehe. Nyasi zilikuwa zangu, sikufunga."

Hakusimulia habari ya Wazungu. Alikaa, akatoa kengele mfukoni, akaifuta damu kwa shati lake. Akachuma majani, akaziba, akatoa kamba ya mgomba na kuizungusha mara mbili.

"Hivi," akasema. Akaifungua tena, akanipa. "Haya, funga wewe."

Nikafunga.